Mtoto mwenye usonji na foleni za Disney World: tuombe ile huduma au tumwache azoee kusubiri?

#1 Mama Lusa wa Uyole
Habari zenu wakuu. Mdogo wangu kaolewa Florida, mwaka huu katualika familia nzima mwezi wa sita shule zikifungwa. Viza tunazo tayari kwa hiyo msinianzishie habari za ubalozi.

Ishu iko hivi. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 9, ana usonji, anaongea maneno machache, anasoma kwenye shule yenye kitengo. Mdogo wangu anataka kutupeleka Disney World, ile bustani kubwa ya michezo ya kupanda, tukiwa watu sita: mimi, baba watoto, watoto wetu wawili, yeye na mumewe. Anasema pale kuna huduma inaitwa DAS, mtoto kama wangu hasimami kwenye foleni ndefu. Mimi nikafurahi, baba watoto kagoma. Anasema nikimwandikisha huko ni kumgonga mtoto mhuri, halafu akizoea kupitishwa pembeni hatojifunza kusubiri, tukirudi Mbeya nani atampitisha?

Sasa nyie hamumjui huyu mtoto kwenye msongamano. Anaanza kuziba masikio. Halafu anarudia neno moja, "nyumbani nyumbani nyumbani", sauti inapanda taratibu, nikishasikia hiyo najua muda si mrefu atajilaza chini na hapo hata watu wawili wazima hawamwinui. Na watu wanaozunguka kila mmoja ana ushauri wake, mchape, muombee, mpe soda.

Tuombe au tusiombe? Na barua ya daktari inatakiwa? Niliyonayo mwandiko wake hata duka la dawa walishindwa kuusoma.

#2 Kijana wa Mafiati
Nimeweka kigoda hapa. Ila watu wa Uyole mmeanza kwenda Disney, kumbe viazi vimelipa msimu huu 😂

#3 Dreva wa Tunduma
Dada hiyo huduma ni ya wenye viti mwendo tu. Mtoto anatembea mwenyewe hawampi. Ushauri wangu ukifika pale kodi kiti mwendo, mkalishe, mnasukuma mnapita mbele kabisa mpaka mlangoni. Kuna jamaa aliniambia ndo wanavyofanya wajanja.

#4 Mnyalukolo Ughaibuni
Kamwene wote. #3 mkuu hapo umepotosha kila kitu, ni kinyume chake. Mimi nimeishi Orlando, niwaeleze.

DAS ya sasa hivi inalenga hasa watu kama huyo kijana. Walibadilisha masharti 2024, bustani yao ya Florida ilianza Mei 20 na ile ya California Juni 18, wakaandika wazi kwamba ni kwa mtu ambaye kwa sababu ya ulemavu wa ukuaji kama usonji au hali inayofanana na hiyo hawezi kukaa kwenye foleni ya kawaida muda mrefu. Mwenye kiti mwendo wanamwambia foleni zetu nyingi kiti kinapita, ingia humohumo na wenzio. Kwa hiyo ukikodi kiti utasukuma kiti kwenye foleni ileile, na jua la Florida.

Barua ya daktari Disney hawaidai. Wanachofanya ni mahojiano kwa video kabla ya safari, mnaweza kuyafanya mkiwa bado huko nyumbani. Mtoto mwenyewe lazima awepo kwenye video, hata kama hatosema kitu. Wanakuuliza akiwa kwenye foleni inakuwaje. Hapo usianze kutaja majina ya ugonjwa, waeleze hivyohivyo ulivyotueleza sisi, kuziba masikio, neno moja, kujilaza chini. Wanaweza kumwingiza na mtaalamu wa afya kwenye hayo mazungumzo. Ila kudanganya usijaribu, wakigundua wanakufungia moja kwa moja na tiketi zimekwenda.

#5 Dreva wa Tunduma
Basi huyo jamaa alikuwa ananipiga kamba.

#6 Mwalimu wa Rungwe
Mkuu #4 asante sana. Fafanua basi, hasimami foleni kabisa au?

#7 Mnyalukolo Ughaibuni
Anasubiri, ila hasubirii humo ndani. Ni kama kuacha ndoo kwenye foleni ya bomba. Unaingia kwenye programu yao ya simu, unachagua mchezo, kama watu wanasubiri saa moja na wewe unapewa muda wa kurudi baada ya kama saa moja. Katikati hapo mnakaa kivulini, mnakula, mtoto anatembeatembea. Muda ukifika mnapita njia ya Lightning Lane, ile ya waliolipia haraka. Humo nako kuna kafoleni, dakika kumi, kumi na tano, wakati mwingine zaidi. Na unashika mchezo mmoja kwa wakati, hamuwezi kujiwekea mitano kwa mpigo. Na mtoto lazima na yeye apande, sio mnamwacha na bibi mkapande wakubwa.

#8 Kijana wa Mafiati
Ndoo ya Mbeya ukiiacha kwenye bomba ukirudi unaikuta ya mwisho, au huikuti.

#9 Binti Kalenga
Mama Lusa naomba niongee na shemeji kupitia kwako. Mdogo wangu wa mwisho ana usonji, sasa hivi ni mkubwa, ana ndevu. Baba yetu alikuwa na msimamo huohuo wa "azoee". Alizoezwa kanisani, alizoezwa sokoni, alizoezwa stendi. Alichozoea ni kukimbia. Mpaka leo akiona watu wamejipanga mstari anageuka anaondoka, haijalishi mstari wa nini, hata wa chakula cha msiba. Kusubiri alijifunza nyumbani kwa mama na saa ya ukutani, mshale ukifika hapa tunatoka, akianza na muda mfupi mfupi. Kwenye kelele hajifunzi kitu, anajifunza kuogopa tu.

#10 Mzee wa Tukuyu
Ugonile. Mimi nasimama na baba watoto. Nyie vijana mnakimbilia kila huduma ya Wazungu. Sisi kijijini tulikuwa nao watoto wa namna hiyo, walichunga ng'ombe, walilima, hakuna aliyewaandikisha popote. Ukimpa mtoto kadi, kadi inamfuata.

#11 Binti Kalenga
Shikamoo mzee. Walichunga ng'ombe kwa sababu ng'ombe hawapangi foleni.

#12 Mwalimu wa Rungwe
😂😂 #11 umemuweza mzee. Ila kwa heshima yako mzee, wengine hawakuchunga chochote, walifungiwa ndani. Nimefundisha kitengo, wazazi wanakuja kumwandikisha mtoto ana miaka 12 na majirani ndo wanajua siku hiyo kwamba nyumba ile ina mtoto wa pili.

#13 Mzee wa Tukuyu
Marahaba binti. Hilo la kufungia ndani silipingi, lilikuwepo. Lakini swali langu la kadi halijajibiwa.

#14 Mnyalukolo Ughaibuni
Mzee hakuna kadi. Inawekwa kwenye akaunti ya tiketi zao, ina muda wake inaisha, haiendi shuleni wala hospitali. Zamani ndo ilikuwa kadi ya karatasi kweli, waliiondoa Oktoba 2013 wakaleta hii DAS.

#15 Fundi Simu Kabwe
Na sababu ya kuiondoa 2013 iseme. Gazeti moja la New York liliandika kwamba matajiri walikuwa wanakodi watu wenye ulemavu wajifanye ndugu zao ili watoto wao wapite mbele. Kukodi mtu! Yaani watu wana hela ya kila kitu bado wanataka na njia ya mlemavu. Kwa hiyo tusijione sisi ndo tumeumbiwa ujanja.

#16 Dreva wa Tunduma
Naona mnaniangalia mimi.

#17 Nesi wa Makambako
Mimi nina swali tofauti, na naomba niseme kitu kinachoniuma. Mwanangu ana sikoseli. Ukimwona ni mtoto kama wengine, anacheza, anacheka. Ila akipigwa jua muda mrefu bila maji, akichoka, akipata baridi ya ghafla, usiku huo hatulali. Sasa kwa hayo masharti mapya yeye si usonji, anaangukia wapi? Foleni ya saa moja na nusu kwenye joto kwake inaweza kuishia wodini. Mbona wa usonji apate na huyu akose?

#18 Mnyalukolo Ughaibuni
Nesi hapo umegusa penyewe, kelele nyingi za 2024 zilikuwa za watu kama nyie. Wenye matatizo ya utumbo wanaokimbilia choo kila mara, wenye kisukari, wenye maumivu sugu, wengi walikuwa wanapewa zamani wakaja kukataliwa. Wanachopewa badala yake ni njia nyingine: mtoto anatoka kwenye foleni na mzazi mmoja, mwingine anabaki, halafu wanarudishwa kwa mwenzao. Kuna na ile ya kupokezana, mzazi mmoja anapanda mwingine anabaki na mtoto asiyepanda, halafu wanabadilishana bila kupanga upya. Je, inatosha? Inategemea mko wangapi. Mama peke yake na watoto wawili amwache nani kwenye foleni?

#19 Fundi Simu Kabwe
Kwani kwa nini walibana? Mimi naona ni hela tu. Zamani kulikuwa na njia ya haraka inaitwa FastPass, ya bure, tangu 1999. Baada ya korona hawakuirudisha, Oktoba 2021 Florida wakaanza kuuza njia ya haraka. Sasa kama njia unaiuza, huyu anayepita bure anakuwa hasara. 2024 hiyohiyo wakaleta na tiketi ya kupita kila mchezo mara moja bila kupanga muda, siku za msimu ilifika dola 449 kwa kichwa kwa siku. Piga hesabu kwa shilingi. Watu sita hapo unapata kiwanja Nsalaga.

#20 Chifu Parachichi
Sio hela peke yake. Wenyewe walisema watumiaji wa DAS waliongezeka zaidi ya mara tatu ndani ya miaka mitano. Ikiwa njia ya haraka imejaa inakuwa foleni ya pili, na mtoto wa Mama Lusa atakwama humohumo. Bora wachache wapate kitu cha maana.

#21 Fundi Simu Kabwe
Wenyewe walisema. Mwenye duka akikwambia mzani wake uko sawa na wewe unaandika.

#22 Mwalimu wa Rungwe
Kuna jambo la sheria pia. Marekani wana sheria yao ya watu wenye ulemavu tangu 1990, inamlazimisha mwenye biashara arekebishe mazingira. Ila haisemi upite mbele, inasema upate nafasi sawa. Kuna familia za watoto wenye usonji zilishtaki kwamba ule mfumo wa 2013 hauwatoshi, 2020 jaji kule Orlando akawapa Disney ushindi. Na 2025 ikafunguliwa nyingine California kuhusu haya masharti mapya. Kwa hiyo hata wao bado wanagombana nayo.

#23 Nesi wa Makambako
Nafasi sawa ya mtoto wangu kukaa juani. Haya.

#24 Mnyalukolo Ughaibuni
Nesi ukijaaliwa siku moja, angalia na Universal, bustani nyingine za michezo, wako mji huohuo. Wao utaratibu ni mwingine, unajisajili mtandaoni kwa kadi ya IBCCES, taasisi ya nje inayohakiki mahitaji ya mtu, angalau saa 48 kabla, na hapo nyaraka ya daktari INATAKIWA. Halafu unazungumza nao kuhusu hali ya mtoto. Wanaangalia kila mtu na shida yake, sijasema watakupa. Mama Lusa na wewe kama mtagusa Universal, ile bustani yao ya Epic Universe waliyofungua Mei 2025 mdogo wako lazima ataitaja, basi tafuta barua mpya inayosomeka, ya Kiingereza.

#25 Mama Lusa wa Uyole
Nawasoma wote, asanteni. Kumbe barua nitaihitaji kwa hao wengine. Nimemsomea baba watoto #9, kanyamaza. Kaniuliza swali moja tu: sisi sita wote tunapita na mtoto au yeye na mama yake tu?

#26 Mnyalukolo Ughaibuni
Jumla wanne, na mtoto akiwemo. Mkizidi wanne wanaangalia kama waliozidi ni familia ya karibu.

#27 Kijana wa Mafiati
Hahaha sasa hapo ndo kesi. Mama mdogo si familia ya karibu?? Kwetu Kyela mtu aliyewahi kulala kwenu siku mbili ni familia ya karibu.

#28 Chifu Parachichi
Nionavyo hawatamkubali shemeji. Mama, baba, watoto wawili, hao wanne wametimia. Mama mdogo na mumewe wapange kawaida.

#29 Binti Kalenga
Mama mdogo ndo mwenye gari, ndo mlipa tiketi, halafu mnamwacha foleni? Wakubali tu kugawana, mchezo huu anaingia baba, ule anaingia mama mdogo. Au waombe kwenye mahojiano, si wanaulizwa majina ya wote? Mdomo haulipiwi.

#30 Baiskeli Matatu Sae
Nimesoma kuanzia juu, nami nichangie, natumia kiti mwendo tangu ajali ya boda. Hili la "foleni zetu kiti kinapita" wengine mnaliona baya. Mimi nalitamani! Mwaka fulani nilienda kwenye maonyesho ya wakulima, banda moja sitalitaja, limejengwa zuri, vioo, mazulia, ngazi tatu mlangoni. Nikaletewa kipeperushi nje. Kijana mmoja mstaarabu kabisa akainama akaanza kunielezea mbegu za mahindi huku wenzangu wako ndani wanakunywa maziwa ya bure. Mimi sikutaka kupita mbele ya mtu, nilitaka kupanga foleni ya maziwa.

#31 Kijana wa Mafiati
Nimecheka halafu nimejiona mjinga kucheka.

#32 Baiskeli Matatu Sae
Cheka tu mdogo wangu, hata mimi nacheka. Na sheria tunayo, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, majengo ya umma yafikike. Fundi anaijua ngazi, sheria haijui.

#33 Chifu Parachichi
Na huku nyumbani ukitaka kumpeleka mtu mwenye kiti mwendo kutembea unampeleka wapi? Ziwa Ngozi haiwezekani, mwisho kule ni kupanda na mizizi, mvua ikinyesha hata mwenye miguu minne anateleza. Binamu yangu tulimbeba mgongoni kwa zamu, tulipofika juu ukungu umefunika ziwa lote, tukakaa mpaka ukafunguka maana hakuna aliyekuwa tayari kumbeba tena siku nyingine. Isimila kule Iringa zile nguzo za mawe ziko bondeni, unashuka. Kimondo cha Mbozi hapo sawa, ni mahali pa wazi, gari linafika karibu.

#34 Dreva wa Tunduma
Kimondo napita kila safari, mimi na jiwe lile ni marafiki. Tani 25 lile.

#35 Mwalimu wa Rungwe
Tani 12 hivi mkuu, wengine wanakadiria hadi 16. Wewe na takwimu mna ugomvi.

#36 Binti Kalenga
Iringa mjini mje Neema Crafts. Wapo tangu 2003, karakana yao inaendeshwa na watu wenye ulemavu, na mgahawani wahudumu ni viziwi, unaagiza kwa kuandika au kwa ishara. Mdogo wangu pale anakaa vizuri kuliko mahali popote. Hakuna anayemlazimisha kusalimia.

#37 Mzee wa Tukuyu
Huko nimefika, keki nzuri. Turudi kwenye mada. Binti Kalenga amesema mtoto alifundishwa kusubiri kwa saa ya ukutani. Sasa hii DAS nayo si saa? Anaambiwa mtarudi saa fulani, anasubiri, saa ikifika anapanda. Mbona ni kusubiri kulekule anakotaka baba yake?

#38 Kijana wa Mafiati
Mzee kahama timu 😂

#39 Mzee wa Tukuyu
Sijahama. Nimeuliza.

#40 Fundi Simu Kabwe
Tatizo mzee ni kwamba mtoto hajui kwa nini ameuona mchezo, yuko mlangoni, halafu anaambiwa tuondoke turudi baadaye. Mtoto wa kaka yangu ukimwonyesha kitu halafu ukakiondoa umemaliza siku. Kwa huyo ingebidi mmoja ashike muda kwenye simu akiwa mbali, mtoto asiuone mchezo mpaka muda ufike.

#41 Nesi wa Makambako
Hilo la #40 zuri sana Mama Lusa, liandike mahali. Ongeza na haya: Juni huku tunavaa majaketi, Florida ni joto kali na mchana kuna mvua za radi, radi ikipiga michezo ya nje wanaisimamisha, hata kama muda wenu umefika. Mwandae kwa hilo. Chukueni vile vya kuziba masikio anavyovijua, avizoee kuanzia sasa, msimnunulie vipya uwanja wa ndege. Na ndege nayo ina foleni zake.

#42 Mnyalukolo Ughaibuni
Na kama Disney itaonekana kubwa mno kwa siku ya kwanza, kuna Legoland iko Winter Haven, mwendo wa gari kutoka Orlando, ya watoto wadogo zaidi, ina vyumba vya utulivu na wana utaratibu wao kwa watoto wenye usonji. Mtu aanzie padogo. Hata nusu siku inatosha.

#43 Dreva wa Tunduma
Dada mimi naona mngebaki tu na kimondo, hakina foleni.

#44 Mama Lusa wa Uyole
Ndaga fijo wote, mmenisaidia sana hata wewe Dreva. Baba watoto amesema mahojiano atakaa yeye na mtoto, mimi nisiongee maana nitalia. Hajasema amekubali, amesema anataka kuwasikia wenyewe. Mdogo wangu anasema Florida ikiwa saa 1 asubuhi huku ni saa 8 mchana, kwa hiyo tutawapigia Jumamosi mtoto akiwa ameshakula. Bando la saa nzima la video kwa mtandao wa Uyole nani ana uzoefu?

#45 Kijana wa Mafiati
Njooni Mafiati kwangu, nina waifai. Ila mtapanga foleni, kuna vijana wanaangalia mechi.